Kuzima gesi, bolti ya kuvuta au bolti ya kuzungusha: ipi kwa shabaha ya mbali?

Mlengaji wa Lang'ata

Wadau, habari za jioni. Nimekuwa nikilenga kwa bastola muda sasa, cheti changu kiko sawa, na sasa nataka kuingia shabaha ya mbali, mita 300 kwenda juu. Binamu yangu anayeishi Uingereza ana bunduki yenye umbo la AR-15, ile ya Kimarekani inayojijaza, lakini yake haijijazi yenyewe. Kila akipiga risasi moja anavuta kishikio kwa mkono ndipo inayofuata iingie. Anaona nami ningetafuta inayojijaza, fundi aizime gesi, kisha niipeleke isajiliwe kama bunduki ya kujazwa kwa mkono. Rafiki yangu hapa Nairobi anasema nichukue bunduki ya bolti (kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) ya kawaida ya kuzungusha, niachane na hayo. Mwingine anazisifu bolti za Kijerumani za kuvuta. Naomba mnilinganishie: usahihi, kasi, matunzo na sheria.

Fundi Mstaafu

Karibu, kijana. Nitaanza na chuma, sheria nawaachia wenyewe.

Bunduki inayojijaza hutumia gesi ya baruti. Risasi ikipita kwenye tundu dogo la mtutu, sehemu ya gesi inarudi nyuma, inasukuma bolti, ganda linatoka na risasi mpya inaingia. Ukiifungia gesi hiyo njia, bunduki bado itapiga, ila kazi yote ya kurudisha bolti inaangukia mkono wako. Hapo ndipo tatizo lilipo. Baruti ikilipuka, ganda la shaba hupanuka na kuganda kwenye ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Bolti ya kuzungusha ina mteremko uliochongwa makusudi: unapoinua kishikio, kabla hujavuta chochote, mteremko ule unalibandua ganda. Bunduki iliyozimwa gesi haina msaada huo. Ilitegemea nguvu ya gesi, na nguvu hiyo umeiondoa. Chemba ikipata moto au vumbi, utavuta mpaka kiganja kiume.

Tena kishikio cha AR ya kawaida kiko nyuma, juu ya kitako. Kukifikia lazima uinue shavu na upoteze shabaha yako. Waingereza wanaotengeneza bunduki hizi za kujazwa kwa mkono huweka kishikio ubavuni, kimeshikana na bolti yenyewe. Ile ya binamu yako, ikiwa ni ya halali, ilizaliwa hivyo kiwandani. Haikugeuzwa.

Wakili wa Upper Hill

Mzee amenifungulia mlango. Mlengaji, shika neno hilo, "ilizaliwa hivyo", kwa sababu kisheria ndilo lenye uzito.

Uingereza ilipiga marufuku bunduki zinazojijaza, isipokuwa zile ndogo za .22 ambazo risasi yake hugongwa ukingoni mwa ganda, kwa sheria ya 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya Agosti 1987 ambapo watu 16 waliuawa. Sheria hiyohiyo ilisema kwamba silaha iliyowahi kuwa ya aina iliyokatazwa itaendelea kuhesabiwa hivyo hata ukiigeuza iwe kitu kingine. Kwa hiyo binamu yako hawezi kuchukua bunduki ya zamani inayojijaza, akaizima gesi, akasema sasa ni safi. Kanada nako, bunduki iliyotengenezwa kupiga mfululizo hubaki imekatazwa hata ikibadilishwa ipige risasi moja moja.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inataja silaha za kivita kama AK-47, G3, MP5 na nyingine za namna hiyo. Ukipatikana nayo bila idhini, adhabu ni kifungo cha maisha. Itifaki ya Nairobi, makubaliano ya nchi za kanda yetu kuhusu silaha ndogo yaliyotiwa saini hapahapa jijini Aprili 2004, inazitaka nchi wanachama zikataze kabisa raia kumiliki bunduki zinazojijaza. Kwa hiyo swali lako linakwama kwenye hatua ya kwanza. Kabla fundi hajagusa gesi, lazima bunduki ile iwe mikononi mwako, na hapo tayari umevunja sheria. Kuigeuza baadaye hakufuti jinsi ulivyoipata. Na kazi ya kurekebisha bunduki ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Fundi wa jua kali asiiguse, hata awe na mikono ya dhahabu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wenye nia njema kabisa wakijitia matatani kwa ushauri wa jamaa wa ng'ambo.

Mlengaji wa Lang'ata

Wakili, asante sana, nimekusikia. Chaguo la kwanza nimelitupa. Je, kuna zile ambazo bolti inarudi yenyewe, inasimama nyuma, halafu unabonyeza kitu kwa kidole gumba ndipo ifunge? Nimeona picha zake.

Wakili wa Upper Hill

Hizo Uingereza ilizikataza kwa sheria ya 2019. Bunge liliona kasi yake iko karibu mno na ya bunduki inayojijaza. Usiziwaze.

Mwanashabaha wa Stoni Athi

Habari zenu kaka zangu. Mimi naongea kama mtu anayelala kifudifudi kwenye vumbi la Stoni Athi na bunduki begani.

Bolti ya kuvuta, kama Blaser R8, ni chuma kizuri sana. Mkono unakwenda nyuma na mbele tu, hakuna kuinua wala kushusha, na jicho linabaki kwenye darubini. Lakini jiulize ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ni bunduki ya mwindaji wa Ulaya anayehitaji risasi ya pili haraka kabla nguruwe mwitu hajaingia kichakani. Sisi uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Kwenye shabaha ya mbali hakuna anayekukimbiza. Unasoma upepo, unapumua, unapiga, unaandika kwenye daftari. Kasi ile utailipia bei kubwa usiitumie.

Bolti ya kuzungusha ina sehemu chache, unaitoa kwa mkono mmoja, unaona ndani ya mtutu kutoka nyuma, unasafisha, unarudisha. Katika vumbi letu hilo peke yake linatosha kunishawishi. Walengaji wa Bisley, uwanja wa shabaha kule Uingereza, wanaoshindania zawadi kubwa ya mfalme hutumia bolti ya kuzungusha, wakiingiza risasi moja moja kwa mkono.

Msoma Historia

Naongezea kwa Dada wa Stoni Athi. Jeshi la Kanada liliingia Vita vya Kwanza na bunduki ya Ross, bolti ya kuvuta. Kwenye shabaha ilikuwa hodari. Kwenye matope ya Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 ilikwama, askari wakawa wanapiga bolti kwa mateke, na 1916 ikaondolewa, wakapewa Lee-Enfield. Hiyo ndiyo .303 iliyobebwa na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, na babu zetu wengi. Lakini tusizihukumu zote kwa Ross. Waswisi walitumia K31 ya kuvuta kuanzia miaka ya 1930 na inasifika kwa usahihi mpaka leo.

Fundi Mstaafu

Kweli, na K31 inapenda risasi zake za Kiswisi za 7.5, ambazo hapa utazitafuta uchoke. Kijana, uliza risasi kwanza, bunduki baadaye. Chukua bunduki ya risasi za .308, bolti ya kuzungusha, mtutu mzito usiogusa mbao ya kitako, na pesa iliyobaki iweke kwenye darubini.

Mlengaji wa Lang'ata

Nimeelewa, wazee wangu na dada yangu. Nitaandika ombi la .308 ya bolti kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Dada, je, klabu yenu inaruhusu mgeni aje aangalie tu kabla hajapata bunduki?

Mwanashabaha wa Stoni Athi

Andika kwa katibu kwanza, usije ghafla, ule ni uwanja wenye ulinzi. Beba kinga ya masikio, kofia na maji. Ukiruhusiwa utalala karibu yangu nikuonyeshe jinsi ya kusoma bendera za upepo.