Gumzo la kikundi cha Kibokoni: ipi uicheze, ipi uitazame

Rukia: Assalaam aleikum nyote. Frieren, ile anime (katuni ya Kijapani), nimeimaliza, msimu wa kwanza, episodi 28. Atakayeanza, zile nne za mwanzo azitazame kwa kikao kimoja. Zilirushwa pamoja Septemba 2023 kama filamu ya saa mbili, na ndivyo zilivyopangwa. Ya kwanza peke yake ni maziko ya Himmel, mwenzake wa safari ya zamani, na majuto ya Frieren, hujajua bado yuwaelekea wapi. Ya nne ndiyo yaipa safari shabaha.

Mbarak: Waleikum salaam. Na wengi huiachia ya kwanza, wasema yaenda polepole.

Rukia: Polepole yake ina kazi. Frieren ni kiumbe wa kuishi zaidi ya miaka elfu, ile miaka 10 aliyotembea na kina Himmel kwake ni kama alasiri moja. Ndiyo maana miaka yarukwa katikati ya mandhari bila mtu kutangaza. Mtazame Fern, mwanafunzi wake, urefu wake na nywele zake. Yeye ndiye kalenda.

Rukia: Na muziki wa Evan Call msiusikilize kwa spika ya simu, sauti za chini zote zapotea. Vaeni hedifoni.

Shangazi Zuhura: Wanangu, hiyo Frieren hapa kwenye TV yateleza kama tamthilia za mchana. Kwa simu ya Rukia haikuwa hivyo. TV ina ubovu?

Salim: Haina ubovu, shangazi. TV za siku hizi huja na kilainisha mwendo kikiwa kimewashwa. Anime huenda fremu 24 kwa sekunde, lakini mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili au tatu, kwa hivyo sekunde nzima ina michoro 12 au 8 tu. TV yaona pengo, yabuni picha zake za katikati, na mistari yavutika kama wino uliomwagikiwa maji. Kwenye mapigano ndiyo yaonekana zaidi. Ingia mipangilio ya picha utafute palipoandikwa mambo ya mwendo. LG waiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Izime kabisa. Ukiwa hapohapo shusha na ukali wa picha, maanake ukizidi waweka ukingo mweupe kuzunguka kila mstari mweusi.

Shangazi Zuhura: Nimeizima. Maashallah, imekuwa picha nyingine.

Mbarak: Kaka Salim, Steins;Gate. Anime ya 2011 nimeitazama yote 24. Kuna haja ya kuicheza na VN yake, ule mchezo wa kusoma hadithi?

Salim: Ipo. Anime ile studio ya White Fox waliitengeneza vizuri sana, ni katika zile chache zilizotoka kwenye VN ambazo mtu akiishia hapo hajadhulumiwa. Ila anime ilishika njia moja ikaenda nayo. VN ya 2009 ina miisho sita, na yote huamuliwa na simu ya Okabe, mhusika mkuu. Huletewi orodha ukaambiwa chagua hili au lile. Ujumbe waingia, ndani yake maneno kadhaa yana rangi na mstari, wagusa neno moja na jibu lajiandika kufuatana na neno hilo. Neno jingine, jibu jingine. Waweza pia kuiacha simu usijibu.

Rukia: Hapo ndipo watu hukwama. Hawajui kwamba kutojibu pia ni jibu. Wafika mwisho wa mhusika Suzuha, wadhani mchezo umeisha.

Salim: Naam. Sevu, yaani hifadhi ulipofika, kabla ya kutoa simu, kila mara, kwenye nafasi mpya, wala usiandike juu ya ile ya zamani. Ujumbe ukishatumwa haurudi. Mwisho wa Suzuha, wa Faris na wa Luka yote yatokana na swali moja linalokujia sura hadi sura: utaituma ile D-mail (ujumbe wa simu uendao wakati uliopita) ya kutangua ile ya awali, au utaizuia? Ukiizuia wabaki na mhusika huyo na hadithi yafungwa hapo. Mwisho wa kweli wataka zaidi, kuna majibu fulani kwa Kurisu, mwanasayansi mwenzake Okabe, yaliyotawanyika katika sura kadhaa. Ukikosea mchezo haukwambii kitu, waendelea kusoma masaa, kisha wajikuta kwenye mwisho mwingine. Nafasi zako za kusevu ndizo zitakazokurudisha.

Mbarak: Mwanzo wa anime wachosha, na VN je?

Salim: VN mwanzo wake ni mrefu zaidi. Kwenye anime kamba yakatika episodi ya 12, na ukirudi kutazama upya waona kila upuuzi wa episodi 11 za kwanza uliwekwa kwa sababu. Mule kwenye VN waingia kichwani mwa Okabe, wajua ni lini ile lafudhi yake ya mwanasayansi mwendawazimu ni mchezo na ni lini yuwaficha hofu. Anime haiwezi kukupa hilo kila dakika. Ile kompyuta ya IBN 5100 nayo si ya kubuni tupu, imetokana na IBM 5100 ya 1975. Na John Titor, yule asemaye ametoka mustakabali, kuna mtu kweli aliyeandika kwa jina hilo kwenye intaneti 2000 na 2001.

Mbarak: Basi naicheza.

Rukia: Jambo la maandishi ya chini nalo. Ya Kiingereza mara nyingi huondoa viambishi vya heshima. Kwenye Steins;Gate, kwa Kijapani, Daru rafikiye Okabe humwita Kurisu "Makise-shi". Kwenye Higurashi, anime ya mauaji ya kijijini, Satoko humwita kakake "nii-nii", Kiingereza wakati mwingine chaweka jina la Satoshi tu. Sisi tuliozoea kaka, dada, ami na shangazi, sikio letu lashika haraka kuliko maandishi. Sikilizeni kile kiambishi cha mwisho wa jina. Kikibadilika katikati ya hadithi, uhusiano umebadilika.

Shangazi Zuhura: Hapo umesema kweli. Mtu akikuita jina lako kavu wajua kuna jambo.

Mbarak: Higurashi nataka kuanza ile ya 2020, Gou, picha zake nzuri.

Salim: Usithubutu.

Rukia: Mbarak, hapana! Gou ilijifanya ni ile ya 2006 iliyochorwa upya, lakini ni mwendelezo. Ukianza nayo waharibu jibu la yote. Anza na ya 2006, episodi 26, kisha Kai ya 2007, hapo siri ya kijiji cha Hinamizawa imefumbuka. Rei ni nyongeza. Gou na Sotsu ndizo za mwisho. Na kama wataka VN yake, jua kwamba haina kuchagua hata kidogo, sura nane za kusoma, kazi yako ni kufikiri.

Salim: Fate/stay night, VN nyingine yenye anime zake, ina mtego wa namna hiyohiyo. Njia tatu: Fate, Unlimited Blade Works, Heaven's Feel. Mchezo wenyewe wazifungua kwa mpangilio huo, huwezi kuruka. Kwenye anime hakuna wa kukuzuia, basi watu waanza na Fate/Zero kwa vile matukio yake yatangulia kwa miaka 10. Zero yafichua siri kubwa za Heaven's Feel. Studio ya Ufotable wametengeneza Unlimited Blade Works ya 2014 na filamu tatu za Heaven's Feel, njia ya kwanza hawajaigusa, iko kwenye anime ya 2006 ya Studio Deen tu. Ndiyo maana naona heri VN. Ile iliyofanywa upya imetoka Agosti 2024 kwenye Steam (duka la michezo ya kompyuta) na kifaa cha Switch, ina Kiingereza, na ni ile isiyo na mambo ya watu wazima. Damu ipo.

Mbarak: Ina miisho mibaya mingi nasikia.

Salim: Miisho mibaya 40. Usiikimbie. Kila ukifa kuna chumba cha mafunzo, mwalimu Taiga na mwenziwe wakueleza ulikosea wapi. Sevu kila penye chaguo, kufa, soma, rudi.

Rukia: Clannad kwa ufupi: anime ya Kyoto Animation yatosha, 2007 kisha After Story 2008. Kwenye VN lazima umalize njia za wahusika wengine ukusanye vile vimwanga (alama za nuru upewazo) kabla After Story haijafunguka. Ni nzuri, ila ni kazi ndefu.

Salim: Sasa lile nilitakalo mimi. Umineko, VN ya fumbo la mauaji. Anime yake msiitazame.

Mbarak: Mbaya?

Salim: Ni nusu. VN ni sura nane, nne za maswali na nne za majibu. Anime ya 2009, episodi 26, iliishia ya nne na haikuendelea. Ni kama mtu akwambie "kitendawili", umwambie "tega", atege, kisha ainuke aende zake. Hujapewa jibu wala hujaulizwa utoe mji.

Rukia: Na kitendawili kipo kweli ndani yake. Chini ya picha ya mchawi Beatrice ukumbini pameandikwa fumbo, atakayelifumbua apata tani 10 za dhahabu.

Salim: Oktoba 4 na 5, 1986. Kisiwa cha Rokkenjima, mzee Kinzo na watoto wake wanne wakubwa, watatu wana mke au mume, na kila mmoja ana mtoto wake, dhoruba imefunga bahari. Ugomvi wa mirathi. Masaa ya mwanzo ni ndugu kuviziana mezani kwa maneno matamu, na mtu asiye na subira atasema hakuna kinachotokea. Wallahi pale ndipo kila kitu kimewekwa. Nani ana deni, nani alidharauliwa utotoni, funguo zimeshikwa na nani. Mauaji yakianza hakuna muda tena wa kuelezwa hayo.

Mbarak: Kwa nini anime isingeweza, hata kwa zile nne?

Salim: Kwa sababu ya maneno mekundu. Kuanzia sura ya pili, neno likiandikwa kwa rangi nyekundu ni kweli tupu, haliulizwi. "Mlango ulifungwa" kwa nyekundu, basi ulifungwa. Lakini lasema lile lisemalo tu, wala si zaidi. "Mlango ulifungwa" haisemi ulifungwa saa ngapi wala na nani. Mchezo mzima uko katika hilo pengo. Kwenye VN wasimama hapo, wazungusha gurudumu la kipanya juu, warudia maneno ya nyuma, wafikiri siku mbili ukitaka. Kwenye anime sentensi hiyo ni sekunde tatu imepita.

Rukia: Na hadithi yaja na mtu mmoja kutaka uamini uchawi na mwingine akatae. Wewe msomaji uko katikati.

Salim: Mwandishi Ryukishi07 aliziuza sura hizo moja moja, ya kwanza Agosti 2007, ya nane Desemba 2010. Wasomaji walikuwa na miezi ya kubishana kati ya sura na sura. Kuzisoma nane mfululizo peke yako ni kula wali bila mchuzi. Napendekeza tuisome humu kikundini.

Mbarak: Mimi nimo.

Rukia: Na mimi. Tuweke masharti.

Salim: Steam inaziuza mafungu mawili, maswali na majibu. Nunueni fungu la maswali tu kwa sasa. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza kupita saa mbili, basi saa ya kwanza ijaribuni kompyuta: maandishi yasomeka, sauti yatoka, kusevu kwafanya kazi. Msingoje hadi muone hadithi, saa mbili hapa ni salamu tu. Ikishapakuliwa haili bando, stima ikikatika waendelea kwa chaji ya laptopu.

Rukia: Chukueni karatasi, muichore familia ile kabla ya kuanza. Majina ni mengi, watu 18 wahesabiwa kisiwani. Chini yake safu nne: nani ameonekana wapi, saa ngapi, ufunguo u kwa nani, na nani aliyeshuhudia. Hiyo safu ya mwisho msiiache wazi, maanake "tuliambiwa" na "tuliona" ni vitu viwili.

Salim: Na jina la mtu msilitafute kwenye intaneti hata kujua tahajia yake. Mkiandika herufi tatu tu, mtandao wajaza "ndiye muuaji" au "amekufa". Picha za jalada pia zina siri.

Mbarak: Tukimaliza sura?

Rukia: Kila mmoja aandika dhana yake humu, wazi, na sababu mbili kutoka kwenye maandishi. Hakuna wa kufungua sura ya pili mpaka wote waandike. Atakayetangulia akae kimya, hata kikaragosi cha kucheka asiweke.

Shangazi Zuhura: Na watoto wangu? Mauaji siyataki. Mkubwa ana miaka 12.

Salim: Planetarian, shangazi, VN fupi. Ya kampuni ya Key, 2004, haina kuchagua, wabonyeza na kusoma, saa nne au tano yaisha. Mji ulioachwa baada ya vita, mvua haikatiki, na juu ya duka kubwa kuna jumba la nyota ambamo roboti msichana, Yumemi, amengoja wageni karibu miaka 30. Mtu mmoja mwokota mabaki aingia kujikinga. Kifaa chao cha kuonyesha nyota kimeharibika, nao wajaribu kukitengeneza. Mwisho wake ni wa machozi, na mashine za vita zipo. Kaa na mtoto kwenye saa ya mwisho.

Rukia: Ikiwa Kiingereza chamtatiza, zima kujiendesha kwa maandishi, abonyeze mwenyewe kwa mwendo wake. Ipo pia anime ya 2016, episodi tano fupi, lakini asome kwanza. Onyesho la nyota kwenye VN laachwa lichukue muda wake.

Shangazi Zuhura: Shukran. Atasoma kwa sauti nami nisikie.

Mbarak: Karatasi ya familia nimeanza. Kinzo juu. Wanne chini yake ni nani kwa mpangilio?

Salim: Krauss, Eva, Rudolf, Rosa. Rosa ni mdogo kwa miaka mingi, weka alama hapo.