Naomba ushauri: maumivu ya kinena baada ya kutiwa skurubu za nyonga

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Mdogo wangu ana miaka 34, kazi yake bodaboda. Wiki nane zilizopita aliteleza karibu na feri ya Likoni, lami imelowa, akaangukia ubavu wa kulia. Eksirei ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika, palepale chini ya kichwa kinachoingia kwenye nyonga. Alipasuliwa siku ya tatu (tulikuwa twahangaikia pesa, nalijutia hilo) akatiwa skurubu tatu.

Daktari alisema kwa kijana hujitahidi kuokoa mfupa wake mwenyewe, maana nyonga bandia huchakaa na huenda akahitaji kubadilishiwa tena. Ila alituonya: damu ya kile kichwa hupitia kwenye hiyo shingo. Ikikatika, mfupa waweza kufa polepole, hata baada ya mwaka au miwili.

Sasa yuko kwa magongo, mguu augusa chini tu. Wiki hii maumivu ya kinena yamerudi, hata soksi namvalisha mimi. Eksirei ya juzi haikuonyesha mabadiliko, tumeambiwa turudi baada ya mwezi. Jirani kaleta mkandaji na mafuta yake. Nimewarudisha wote mlangoni.

Aliyetiwa skurubu kama hizi, kinena kilikuuma hivi wiki ya nane? Na je, niombe apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) mapema, au chuma kile huharibu picha?