Mbwa ananusa kila nguzo na kila kichaka, matembezi hayaendi. Nimvute au nimwache?

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina dume wa kienyeji, mwaka mmoja na nusu, kilo 15 hivi, analinda nyumba hapa Uyole. Kila asubuhi anatolewa nusu saa kwa kamba. Shida ni kwamba hatembei, ananusa. Nguzo ya umeme dakika nzima, tairi la bodaboda iliyoegeshwa dakika nzima, kichaka nacho hivyo hivyo. Ukimvuta anakaza shingo na kukohoa.

Maswali yangu: kwa nini anafanya hivi, ni uzembe au kuna kitu anatafuta? Kwa nini asubuhi anasimama pua juu akielekea mlimani, halafu alasiri njia ile ile anageukia bondeni? Na kubwa zaidi: akishanusa na kulamba mkojo wa jike anagonga-gonga meno na mdomoni panatoka povu jepesi. Majirani wameanza kusema ni kichaa. Wageni nao anawanusa mapajani, ni aibu tupu. Naomba wanaojua wanisaidie.

Kamwene_Iringa

Kamwene mkuu. Si uzembe. Kwa mbwa, kutembea bila kunusa ni kutolewa nje akiwa amefumbwa macho.

Tuanze na pua yenyewe, maana ukiielewa utaacha kuvuta. Mtazame kwa karibu: kila tundu la pua lina mpasuko mdogo kwa pembeni. Akivuta hewa, inaingia kwa mbele. Akiitoa, inatokea kwenye ile mipasuko ya pembeni na kwenda nyuma, kwa hiyo haipulizi na kutawanya harufu iliyo mbele yake. Ukimkuta ameinamia vumbi laini utaona linatimka pande mbili, kushoto na kulia, huku katikati alipoelekeza pua pametulia. Anafanya hivyo mara 4 hadi 7 kwa sekunde moja.

Ndani, hewa inagawanyika. Nyingi inaenda mapafuni. Sehemu ndogo, kama asilimia 12, inapanda hadi chumba cha nyuma ya pua chenye mifupa myembamba iliyojikunja-kunja, na humo ndimo seli za kunusia zilimo. Hewa ya kutoka haipiti humo kwa nguvu, kwa hiyo harufu inabaki na mzigo unaongezeka kila anapovuta tena. Ndiyo maana anakaa nguzo moja dakika nzima. Hajakwama, anakusanya. Binadamu ana seli za kunusia milioni 5 au 6. Mbwa ana kuanzia milioni 125 hivi hadi 300, kutegemea aina. Zile habari za "mara laki moja kuliko mtu" msizimeze nzima nzima, kwani inategemea ni harufu gani. Kilichopimwa ni kwamba mbwa waliofundishwa waliitambua kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu ikiwa sehemu moja hadi mbili tu katika trilioni ya hewa. Watu wa Tukuyu mtaelewa.

Tundu la kushoto na la kulia kila moja linavuta hewa ya upande wake, hivyo anapima harufu imetokea wapi. Kwenye nyayo za mtu mbwa mzoefu huhitaji kama hatua 5 tu kujua mtu kaelekea upande gani, kwa kulinganisha ipi ni mbichi zaidi.

Suala la mlima na bonde: hapo mbwa wako yuko sahihi kabisa. Usiku mteremko unapoa, hewa baridi ni nzito, inashuka bondeni. Asubuhi na mapema, kwa hiyo, habari zote zinamjia kutoka juu. Jua likishapiga masaa mawili matatu, mteremko unapata joto na hewa inageuka, inapanda kutoka bondeni. Yeye anaikabili hewa inayomletea habari. Siku yenye upepo mkali mpango huo unavurugika.

Na chagueni saa ya kutoka. Asubuhi yenye unyevu harufu hukaa chini na kudumu. Mchana wa Septemba na Oktoba, vumbi na jua kali, inapaa na kutawanyika, na mbwa anayehema ulimi nje hawezi kunusa vizuri kwa sababu hewa inapitia mdomoni. Mpe maji kabla hujasema amechoka. Kwa wenzetu wa Makete, asubuhi ya barafu juu ya nyasi harufu inakuwa imelala. Subiri jua liiyeyushe.

Dokta_Mifugo_Mafinga

Nijibu la povu, maana hili linaua mbwa wasio na hatia.

Nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, kwenye kaakaa, kuna vitundu viwili vidogo vinavyoingia kwenye kiungo kingine cha harufu, tofauti na pua. Kazi yake kubwa ni kupokea kemikali za miili ya mbwa wengine, hasa mkojo wa jike anayeingia joto. Mbwa analamba, anasukuma kwa ulimi, anagonga meno, mate yanapigwa yanakuwa povu. Linaisha ndani ya dakika chache na mbwa anaendelea na mambo yake, anakula, anakuitikia. Hicho si kichaa.

Kichaa kina sura nyingine: tabia kubadilika ghafla (mpole kuwa mkali, au mkali kuwa mzito na kujificha), taya kulegea, kushindwa kumeza, sauti ya kubweka kuwa ya kukwaruza, miguu ya nyuma kuyumba. Hali haikai sawa, inazidi siku hadi siku. Ukiona hayo usimguse mdomo kuangalia kama amekwamwa na mfupa, kosa hilo ni la kawaida mno. Mfungie na uite mtaalamu wa mifugo. Mtu aking'atwa au kupakwa mate kwenye kidonda: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atafanyaje.

Chanjo ya kichaa ya kwanza ni akifika miezi 3, halafu rudia kila mwaka. Kaa na kadi. Majirani wakianza maneno, kadi ndiyo jibu.

Mambo mengine ya pua, kwa haraka. Pua kavu peke yake si homa. Homa hupimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, kawaida ni 38.3 hadi 39.2. Pua iliyopasuka na kuwa ngumu pamoja na usaha mzito na machozi ya matongo, hasa kwa mbwa mtoto asiyechanjwa, fikiria distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa). Kuanzia Juni nyasi zikikauka, mbegu zenye ncha huingia puani: mbwa anapiga chafya mfululizo ghafla, anakwangua pua kwa mguu, damu inatoka tundu moja tu. Usichokonoe kwa kibanio, unaisukuma ndani. Mlete.

Anayenusa vinyesi vya wenzake anaokota minyoo, na anayelamba anaokota zaidi. Dawa ya minyoo kila miezi 3, na iwe na prazikwanteli kwa ajili ya tegu (miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito). Kupima uzito: simama na mbwa kwenye mizani, kisha simama peke yako, toa. Usikadirie kwa jicho.

Mlinzi_Mwanjelwa

Nawaheshimu wataalamu ila kwa mbwa wa ulinzi sikubaliani na kuachia kunusa kunusa. Mbwa anayezoea kupeleka pua chini mwisho anaokota. Wezi wanarusha nyama yenye sumu usiku, asubuhi unakuta mzoga. Wa kwangu ni kichwa juu, pembeni ya mguu, basi.

Kamwene_Iringa

Hoja yako ni nzito na wengi wanaharibu hapo hapo, ila tatizo haliko kwenye kunusa, liko kwenye kula. Kuna watu wanafundisha mbwa "michezo ya pua" kwa kumwaga dagaa kwenye nyasi. Kwa mbwa wa ndani ya nyumba sawa. Kwa mbwa wa lindo unamfundisha kwamba chakula huota ardhini, na mwizi anakuja kuvuna ulichopanda.

Kwa mbwa wa lindo fanyeni hivi. Chakula chote, hata cha zawadi, kitoke mkononi au kwenye chombo kimoja anachokijua, na kitanguliwe na neno. Kisha mfundishe "acha". Fumba kipande cha dagaa kwenye ngumi, mwache anuse, alambe, akwangue. Sekunde atakapotoa pua, sema "vizuri" na mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile alichokatazwa asipewe kamwe, hapo ndipo somo linapovunjika. Akielewa, fungua kiganja. Kisha weka chini ukiwa umefunika kwa mguu. Kisha chini wazi, mbwa yuko kwenye kamba. Mwisho mtu asiyemjua ndiye atupe. Hatua moja ikimshinda mara mbili, rudi ya nyuma yake. Na mpeni chakula cha jioni kabla ya kumfungulia, maana mbwa mwenye njaa hakuna neno litakalomzuia. Hata akishiba si dhamana ya asilimia mia, kwa hiyo asubuhi na jioni mzungushe uzio mzima kwa kamba, akinusa. Unapata faida mbili: unaona kama kuna kilichotupwa, na yeye anajua harufu ya kawaida ya mahali pake ikoje, hivyo mgeni akipita usiku anamgundua mapema.

Kwa Mwana_Uyole, matembezi yenyewe. Toa kamba ya shingoni, weka mkanda wa kifuani. Ile kukohoa ni koo linabanwa pua ikiwa chini na wewe unavuta juu. Kamba iwe ya mita 3 hadi 5, mita moja na nusu haitoshi. Gawa nusu saa: dakika 10 za mwanzo ni zake, 15 za kutembea, zilizobaki zake tena. Ukifika kwenye nguzo legeza kamba, sema "nusa". Zikipita sekunde 30 hivi sema "twende" mara moja, piga hatua. Akiinua kichwa, dagaa mmoja usawa wa goti lako, mkononi. Asipoinua, usimkwanyue: tembea nusu duara kumzunguka, kamba ikaze kidogo bila kumshtua, pua itatoka yenyewe, naye akija legeza hapo hapo. Wanaoshindwa ni wale wanaosema "twende twende twende". Neno likirudiwa mara tano bila kitu kutokea linakuwa kelele tu.

Mapajani kwa wageni: sehemu hizo zina tezi za jasho zinazotoa harufu nyingi za mwili, anapata pale taarifa anazozipata kwa mbwa mwenzake nyuma ya mkia. Hana adabu mbaya. Mwite, akae, mgeni ashushe mkono pembeni bila kuunyoosha usoni kwake, anuse sekunde 3, umwite tena. Mgeni anayeogopa mbwa asilazimishwe, mfunge tu.

Dokta_Mifugo_Mafinga

Niongeze kwa Mlinzi: nyama ya kutupiwa siyo sumu pekee. Misimu ya viazi na mahindi mashamba yetu yamejaa viuatilifu, na maghala yana vidonge vya kufukizia na sumu ya panya. Akitoa mate mengi, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, anatetemeka, hiyo ni dawa ya wadudu na ni suala la dakika. Sumu nyingi za panya ni kinyume, mbwa anaonekana mzima siku 2 hadi 5 ndipo damu inaanza kutoka fizi au puani. Usimnyweshe maziwa wala mafuta: hayaondoi sumu, na mbwa anayetetemeka yanaingia mapafuni. Mlete pamoja na pakiti au kipande cha pakiti ya alichokula. Dawa ya kutibu inategemea hicho.

Mwana_Uyole

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: siku za mvua hatutoki. Kuna namna ya kumpa kazi ya pua ndani bila kumzoesha kuokota sakafuni?

Kamwene_Iringa

Ipo. Tafuta trei la mayai la karatasi na vitambaa vya pamba vilivyofuliwa bila sabuni ya manukato. Hesabu dagaa 10 wakavu wasio na chumvi, wasuuze mchanga utoke, wakauke. Siku ya kwanza weka wanne kwenye mashimo bila kufunika, mbwa akiona, kisha sema "tafuta". Siku zinazofuata funika kwa vitambaa vilivyokunjwa. Baadaye trei lifichwe chumba kingine, yeye akiwa nje.

Kinachoharibu ni mkono wako. Ukigusa shimo lenye dagaa tu, atafuata harufu ya vidole vyako, si dagaa. Gusa mashimo yote, na ukienda kuficha pita pia sehemu ambazo huweki kitu. Trei liwe lile lile siku zote na liondolewe mchezo ukiisha, ili ajue chakula kipo kwenye trei baada ya neno na si penginepo. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, atalala kama aliyetoka kutembea saa nzima. Hao dagaa uwapunguze kwenye chakula chake cha siku, zawadi zisipite sehemu ya kumi.

Akianza kula karatasi ya trei, ni kwamba umeficha kwa ugumu mno au harufu imeingia kwenye karatasi. Tupa, chukua jipya, rudi kwenye dagaa wanaoonekana.

Mlinzi_Mwanjelwa

Hiyo ya trei na neno nimeielewa. Jamaa wa kutupa nyama kwenye mazoezi awe mtu wa mtaa au kabisa asiyemjua?

Kamwene_Iringa

Asiyemjua, na asivae nguo zako wala kukaa nyumbani kwako kabla. Badilisha watu watatu wanne, na nyama ishikwe na wao tangu buchani. Ukiigusa wewe, mbwa anajua imetoka kwako, na zoezi halipimi kitu.