Tupeane uzoefu: isale, mbege na ibada katika familia zetu za Uchagani

Mleta mada, Machame:
Wapendwa, nimelelewa Kilutheri hapa Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walianzia kazi yao Uchagani mwaka 1893. Mwaka juzi kaka zangu wawili waligombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la familia, hadi wakaacha kusalimiana, na wazee wa kanisa waliokuja kuwaombea mara mbili waliondoka bila mafanikio. Ugomvi uliisha alfajiri moja mdogo alipomwendea mkubwa akiwa ameshika jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, kwa maana kwetu aliyeletewa isale ni vigumu mno kukataa kusamehe. Jumapili iliyofuata wote wawili walikwenda kwenye meza ya Bwana. Mimi niliiona toba. Shemeji yangu mlokole aliona tumechanganya imani. Kwenu mlichora mstari wapi?

Mchangiaji, Old Moshi:
Kwetu alihudumu Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeshikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata. Labda ndiyo sababu marehemu bibi alisali kwa Kichaga akimwita Mungu Ruwa, jina ambalo pia ni la jua, na hakuna mchungaji aliyewahi kumkosoa.

Mchangiaji, Kilema:
Sisi ni Wakatoliki. Babu alipozikwa kihambani, padre alimaliza misa na kuondoka, ndipo baba mkubwa akamimina chini kidogo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akiwataja waliotangulia. Katekista alikuwapo, akatazama migombani. Nilikuwa kijana, nikacheka. Leo nadhani yule katekista alikuwa na kazi ngumu kuliko padre, kwa kuwa yeye alibaki kuishi nasi.

Mchangiaji, Arusha:
Nilipookoka niling'oa masale yaliyopandwa kwenye kaburi la baba, nikiamini ninaondoa mizimu. Mama, ambaye hajawahi kukosa ibada, hakunisemesha mwezi mzima. Alipofungua kinywa aliniuliza kwa nini kila Desemba napamba mti sebuleni, desturi iliyotoka kwa Wajerumani, na siuogopi. Sikuwa na jibu. Kumwagia wafu pombe bado sikubali, kwa sababu hapo mtu anaongea na asiyekuwa Mungu. Ila masale nimeyapanda upya, na safari hii mama ndiye aliyeshika jembe.