Mjadala: Ukingo wa Tana ukatwe hati za watu binafsi au usajiliwe kama ardhi ya jamii?

Wadau wa Tana River, kuna wanaotaka ardhi ya kando ya mto ipimwe, kila mkulima wa Kipokomo apewe hati yake. Mimi napinga. Isajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.

Shamba la Mpokomo ni ukanda wa ukoo. Unaanzia majini, unapanda ukingo penye migomba na miembe, kisha unashukia bondeni ambako mpunga hupandwa mafuriko yakianza kupwa. Mto huu huhama. Ukihama, wazee hugawa upya. Mwenye hati atabaki na karatasi ya kipande kilichomezwa na maji.

Halafu kuna malka, njia za Waorma na Wawardei kunywesha mifugo wakati wa kiangazi. Upimaji ulipoletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafugaji waliona wanazibiwa mto, damu ikamwagika. Mwaka 2012 ikamwagika tena, vijiji vya Riketa, Kipao na kwingineko, wakafa zaidi ya watu 100. Na tunagombania mto ambao mafuriko yake yanazuiwa huko juu na mabwawa ya umeme, Masinga na wenzake, tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa!

Mkulima, Ngao: Ndugu, ng'ombe wakiingia kwenye mahindi yangu usiku, nimshtaki nani, na kwa karatasi gani? Ardhi ya jamii ni ya kamati, na kamati hununulika. Shirika la serikali lilipata hati ya eneo kubwa la delta sisi tukihubiri "ya mababu".

Mfugaji, Garsen: Nipe malka iliyowekwa alama nami nitampitisha ng'ombe hapo hapo. Mkilima mpaka mdomo wa maji, apite angani?

Mwanzisha mada: Mkulima, hilo shirika lilipata hati kwa sababu sisi hatukuwa na yoyote. Ardhi isiyosajiliwa inashikwa na kaunti kwa niaba yetu. Ikisajiliwa, kamati haiwezi kuiuza peke yake: sheria inataka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa. La mahindi umenibana, sikatai. Ndiyo maana nataka malka ziandikwe kwenye sheria ndogo za jamii zikiwa na upana wake, pamoja na fidia ya mazao, gasa (baraza la wazee wa Wapokomo) na wazee wa Orma waweke sahihi mbele ya msajili.

Mkulima, Ngao: Fidia ilipwe kabla ya mavuno yajayo, ndipo nami nitie sahihi.