Vitambaa vya akiba nyumbani: kipi kinafaa mtoto mchanga na kipi kinafaa vazi la igizo?

Bint Pangani, Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Nina sanduku la mbao lililojaa vitambaa ambavyo vimekusanyika nyumbani kwa miaka mingi, na sasa haja mbili zimenijia kwa pamoja. Mdogo wangu anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwezi ujao, na mwanangu wa darasa la awali amepangiwa kuwa simba katika igizo la mahafali ya shule yao. Ningependa kuwashonea wote wawili kutoka katika sanduku hilo, nikinunua uzi na lastiki tu.

Nilivyo navyo ni hivi: doti tatu za khanga mpya ambazo hazijatenganishwa wala kupindwa, khanga mbili kuukuu zilizolainika sana, kisutu (khanga ya jadi ya harusi) nilichopewa siku ya harusi yangu, mabaki ya vitenge vya sare za harusi za ndugu (vingi ni kati ya nusu yadi na yadi moja), shuka jeupe la kitanda cha futi tano kwa sita lililochakaa katikati, pazia zito la rangi ya kahawia, na vipande viwili vyeupe ambavyo sijui kama ni pamba au la. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na hushona mshono ulionyooka tu, wala sina ovaloki ya kufungia kingo zisichambuke.

Naomba kujua ni vitambaa vipi ninavyoweza kumvisha mtoto mchanga bila wasiwasi, khanga moja hutoa nepi ngapi, na kama inawezekana kumvisha mwanangu kama simba bila kuliharibu pazia ambalo huenda nikalihitaji tena. Jambo la mwisho linanitatiza zaidi: mama ananishauri nikikate kile kisutu ili kiwe nguo ya kwanza ya mtoto, nami nasita.

Fundi wa Likoni, Mombasa

Dada, kabla hujafikiria gauni wala kofia, vitoe vitambaa vyote na uvipange kwa asili yake, kwa sababu akiba ya nyumbani ina tabia moja: kitambaa ndicho kinachoamua kitakuwa nini, na mshonaji anayeanza na picha ya nguo kichwani kisha akalazimisha kitambaa kuifuata huishia kuharibu vyote viwili.

Anza na hivyo vipande usivyovijua. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo juu ya beseni la maji, mbali na vitambaa vingine, kisha uziwashe. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika ukiligusa. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Chochote kinachoacha kidonge usimshonee mtoto mchanga wa pwani, kwa kuwa hakinyonyi jasho.

Kisha fua kila kitu utakachokata. Khanga na vitenge vipya vina wanga unaovifanya visimame vizuri dukani, na pamba isiyofuliwa hurudi kwa sentimita tatu hadi tano katika kila mita, kwa hiyo gauni litakalomkaa mtoto vizuri leo litambana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Khanga nyekundu na nyeusi zifue peke yake, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Ili kuhakikisha, lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu ya khanga iliyokauka, upige pasi ya moto. Kikitoka na rangi, rudia kufua, na usikiunganishe kipande hicho na cheupe kwa sasa.

Kuhusu hesabu, leso moja, yaani khanga kama tunavyoiita huku Mombasa, huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Ukigawanya urefu mara tatu na upana mara mbili, unapata vipande sita vya 50 kwa 55, navyo vinatosha nepi ya kukunjwa pembetatu kwa miezi ya mwanzo. Zile kuukuu mbili zitakupa nepi kumi na mbili, na ndizo zinazofaa kazi hii, kwa kuwa mpya bado hainyonyi maji vizuri. Shuka pia, endapo litapita mtihani wa moto, lina sehemu imara kwenye kando ambazo hazilaliwi. Toa hapo nepi nyingine na uache katikati.

Jambo moja wengi hawaliangalii ni kwamba pande mbili ndefu za leso zina ukingo wa kiwandani usiochambuka, na pande fupi ndizo zilizokatwa na zinazohitaji kupindwa. Ukishona gauni la marinda la mtoto wa kike, laza upande mrefu uwe chini: pindo la leso litazunguka miguuni kama lilivyochorwa, na hutahitaji kupinda chochote. Sehemu ya mji, yaani ya katikati ya leso, utoe kifua na mikono. Kwa vitenge, angalia kwanza kama michoro ina juu na chini. Ndege aliyechorwa akiruka kwenda juu atapinduka mgongoni iwapo utakata mbele na nyuma kwa kuvigeuza vipande ili kubana nafasi.

Kukosa ovaloki kusikusumbue. Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, upande mzuri ukiwa nje, ushone karibu na ukingo, upunguze nyuzi, kisha ugeuze na kushona tena kwa upande mbaya ili ukingo ule ubaki umefungwa ndani. Tumia sindano namba 80, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia 12, na uibadilishe kabla ya kugusa pazia, maana kitambaa kizito kama hicho kinahitaji namba 100.

Kisutu mimi nisingekikata. Vitenge vya nusu yadi vinatosha kofia, vitambaa vya kifuani na suruali fupi za miezi sita, kwa hiyo hakuna upungufu unaokulazimisha kukigusa.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, hongera kwa kumjali mdogo wako. Nakubaliana na fundi kwa mengi, ila mshono wake wa kufungia ukingo ndani nauona mzuri kwa mtoto aliyekwisha kukaa. Kwa mtoto wa wiki za kwanza, ngozi ya kwapani na shingoni ni laini mno, na tuta lile la mshono humkwaruza kila anapoinua mkono. Nguo zake za mwanzo geuza mishono iwe nje, au ushone mshono mmoja, uufungue pande mbili kwa pasi na kuulaza. Upindo wa nepi nao uwe mwembamba, kwa kuwa upindo mnene ndio unaoacha alama kwenye mapaja.

Usijitaabishe na magauni mengi. Mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na hapo sijahesabu choo. Hizo nepi kumi na mbili zitakwisha katika siku moja ya mvua ambapo hakuna kinachokauka. Ningekushauri uongeze mara mbili yake kabla ya kushona gauni hata moja. Baada ya hapo shona nguo nne au tano zinazofunguka mbele, ambazo upande mmoja wa mbele hupita juu ya mwingine na kufungwa ubavuni, kwa sababu mama aliyejifungua juzi hapaswi kuhangaika kupitisha kichwa kisichojikaza katika tundu la shingo.

Kamba hizo zifungwe ubavuni tu, ziwe fupi, na zishikizwe kwa mshono wa kwenda na kurudi. Shingoni pasiwe na kamba ya aina yoyote, hata ya kofia. Vifungo, shanga na ua la satini viondoe kabisa kwenye nguo za mwaka wa kwanza, maana kila kinachong'oka huishia mdomoni. Najua pia kwamba mabaki ya vitenge huwashawishi watu kushona mito midogo na mafarishi mazuri ya kupamba kitanda. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahitaji mto, na hatakiwi kulazwa na mto wala kitu cho chote laini karibu na uso wake kinachoweza kumzibia pumzi.

Lingine nililolieleza wodini kwa miaka yote ya kazi yangu ni pasi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na mayai hayo yakigusa ngozi funza huingia ndani na kufanya jipu. Kwa hiyo anika juani kwenye kamba, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, na ukandamize zaidi kwenye mishono na mapindo ambako kitambaa kina tabaka kadhaa. Hii ni sababu nyingine ya kuikataa poliesta, kwa kuwa haihimili pasi ya moto kama pamba.

Kuhusu kisutu, mama yako ana haki ya kutaka mjukuu apokelewe na kitu chenye heshima, nawe una haki ya kukihifadhi. Kifue mpaka kisitoe rangi, mtoto afunikwe nacho kikiwa kizima siku ya kutolewa nje, na baadaye kiwe mbeleko yake. Mbeleko haikatwi hata kidogo.

Mwalimu wa Maandalizi, Unguja

Dada, nazungumzia simba tu, kwa kuwa kila mwaka skuli yetu huwavisha watoto kwa maigizo na fedha za mavazi hazipo. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba vazi litakalovaliwa kwa saa moja halistahili kukatiwa kitambaa kizima. Tunakunja, tunapiga bandi kwa uzi mrefu wa mkono, na onyesho likiisha tunafumua na kila mzazi anarudishiwa kitambaa chake kikiwa salama. Shuka lako, kwa mfano, likikunjwa na kupigwa bandi mabegani ni kanzu ya mfalme, na pazia ni joho lake.

Simba, hata hivyo, usimvishe pazia. Mahafali huangukia miezi ya joto, ukumbi hujaa watu, na mtoto aliyefunikwa kitambaa kizito huanza kulia kabla hajaingia jukwaani. Mvishe fulana na suruali ya rangi ya udongo alizo nazo, kisha nguvu zako zote uzielekeze kwenye manyoya ya shingo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomfanya mtazamaji wa safu ya mwisho amtambue.

Chukua mabaki ya vitenge yenye njano, kahawia na rangi ya chungwa. Yakate kwa mshazari, vipande vya upana wa sentimita tatu na urefu wa 30, maana kitambaa kilichokatwa kwa mshazari hakichambuki upesi na huning'inia kwa ulegevu unaopendeza. Shona mfereji mwembamba wa kitambaa, upitishe lastiki ndani yake, uupime uzunguke uso wa mtoto kutoka utosini hadi chini ya kidevu bila kubana, na uache mwanya wa lastiki tupu nyuma ya kidevu ili ivuke kwa urahisi. Kila kipande kikunje katikati, upitishe kitanzi chini ya mfereji, kisha uingize ncha zake mbili ndani ya kitanzi na kuvuta. Hakuna mshono. Sogeza vifundo vikaribiane mpaka mfereji usionekane, na uchanganye rangi bila mpangilio, kwa sababu manyoya yaliyopangwa njano moja, kahawia moja huonekana kama pambo la mlangoni.

Mkia usigusie sakafu, na uufunge kwenye mkanda wake wa pekee uliofungwa kwa fundo jepesi, ili mwenzake akiukanyaga ufunguke wenyewe badala ya kumwangusha. Kinyago cha uso usimpe: kinaziba macho na kumeza sauti, na maneno ya simba ndiyo wazazi waliyoyajia.

Bint Pangani, Tanga

Nawashukuru sana, na shikamoo mkunga wetu. Kipande kimoja cheupe kimeacha kidonge cheusi, nimekitenga. Kingine kimeacha jivu, nalo shuka pia. Mama ameridhia kisutu kibaki kizima, tena amefurahi kusikia habari ya mbeleko. Nimebakiwa na swali moja kwa fundi: baada ya nguo za kufunga mbele, nikitaka kumshonea fulana za kuvaa kwa kichwani akifika miezi sita, tundu la shingo nilipime vipi wakati mtoto hajazaliwa?

Fundi wa Likoni, Mombasa

Mkunga amenisahihisha kwa haki kuhusu mshono wa kwapani, na nitaufuata ushauri wake kwa wateja wangu wenye watoto wachanga.

Kichwa cha mtoto huzaliwa na mzunguko wa karibu sentimita 35, na kufikia miezi sita huwa karibu 43. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo tundu likizunguka sentimita 43 kamili litakwama masikioni. Lifanye liwe na sentimita 48 hivi, ili kichwa kipite kwa wasaa. Ila tundu la ukubwa huo likiachwa wazi litamwanguka mabegani. Njia nzuri ni kuacha bega la kushoto bila kulishona, mbele ipite juu ya nyuma kwa sentimita nne, na ukingo wote wa shingo uuzungushie utepe uliokatwa kwa mshazari. Begani shona vifungio viwili bapa vya kitambaa vya kufungiana, vifupi kiasi cha kidole, vielekee mkononi na vikae mbali na shingo. Kipande chako cheupe kilichoacha jivu ndicho kitoe utepe huo, kwa kuwa kitambaa laini cha namna hiyo hukaa vizuri shingoni kuliko kitenge chenyewe. Kata utepe wa upana wa sentimita tatu, uuvute kidogo unapouzungushia ili usisimame, na ushone kwa polepole penye mpindo wa mbele.