Mrejesho: yule samaki wa jicho lililotokeza

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu samaki wangu wa dhahabu mweusi, wale wa macho ya darubini. Jicho la kushoto lilivimba na kufunga utando mweupe.

Mliosema jicho moja likivimba nishuku jeraha kwanza, na yakivimba yote mawili nishuku maji au maambukizi, asanteni. Nilipopapasa ule mmea wa plastiki tangini, jani moja lilikuwa na ncha ya kuchoma kabisa. Nimeutupa. Kipimo cha amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kilisoma sifuri, hivyo nilibadilisha robo ya maji tu. Kisha nikamhamishia kwenye beseni lenye pampu ya hewa, na chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, siyo ya mezani!), kijiko cha chai kwa lita 20.

Uvimbe umeshuka, na nimeshamrudisha tangini kwa wenzake. Jicho lenyewe ndiyo basi tena: nikipitisha kidole upande huo hashtuki, upande wa pili anakuja mbio. Chakula anakinusa, ila wenzake wanamuwahi, kwa hiyo namwekea tembe za kuzama upande wa kulia. Aliyenishauri antibayotiki za kuku, samahani mkuu, hizo sikuzigusa.